Bichi, pevu, bivu: lugha ya saladi ya parachichi na embe

Mapishi mengi yanayotafsiriwa kwenda Kiswahili huharibika kabla ya kisu kushikwa. Mfasiri hukutana na kichwa cha Kiingereza kinachoisifu saladi ya parachichi na embe kwa neno *fresh*. Hufungua kamusi, huona kivumishi *-bichi* miongoni mwa visawe, kisha huandika: "Saladi ya parachichi na embe mbichi." Kisarufi, kirai hicho hakina kosa. Hata hivyo, mpishi wa Tunduma akikisoma atakwenda sokoni kununua embe la kijani, gumu na chachu, lile linaloliwa kwa chumvi na pilipili au kutiwa kwenye achari. Atalikata, atalichanganya na parachichi, na atapata chakula tofauti na kilichokusudiwa.

Makala hii inaeleza msamiati unaohitajika ili saladi ya parachichi na embe iliyoungwa kwa maji ya ndimu na chungwa iandikwe na kufundishwa kwa Kiswahili kisichompoteza mpishi. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Eneo hilo linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, lina nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Mbozi na Ileje, ambako mparachichi hustawi, na pia lina ardhi ya chini yenye joto kuelekea Ziwa Rukwa, inayoufaa mwembe. Pili, Tunduma ni mji wa mpakani unaopakana na Nakonde ya Zambia, na tunda moja huweza kuitwa kwa majina kadhaa ndani ya siku moja ya biashara.

1. Kivumishi -bichi na hatua za tunda

Kivumishi *-bichi* kina maana mbili kuu. Maana ya kwanza ni "isiyopikwa": nyama mbichi, maziwa mabichi, mboga mbichi. Maana ya pili ni "isiyoiva": embe bichi, ndizi mbichi, papai bichi. Kinapotumika kwa samaki au mboga, kivumishi hiki hukaribiana na neno *fresh*, kwa kuwa samaki mbichi ni yule ambaye hajakaushwa wala kupikwa. Kinapotumika kwa tunda linaloiva, maana ya "isiyoiva" hutangulia katika akili ya msomaji, na mfasiri hawezi kuizuia.

Kiswahili hulitazama tunda kama kitu kinachopita katika hatua, na kila hatua ina kivumishi chake:

*-changa*: tunda bado dogo, halijafikia ukubwa wake.
*-pevu* au *-komavu*: tunda limefikia ukubwa wake na mbegu yake imekamilika, lakini bado ni gumu.
*-bivu*: tunda limelainika, limepata utamu na harufu yake, na linafaa kuliwa.
*-bovu*: tunda limeoza.

Neno *-bichi* hufunika hatua mbili za mwanzo kwa pamoja. Embe changa ni bichi. Embe pevu pia ni bichi, mradi halijaiva. Ndiyo maana mtu anayeagiza "maembe mabichi" hajasema kama anataka yaliyokomaa au machanga, na muuzaji makini atamuuliza.

Upatanisho wa kisarufi hubadilika kulingana na ngeli ya nomino. Jedwali lifuatalo linaonyesha maumbo yanayohitajika zaidi:

| Hatua | embe (LI-) | maembe (YA-) | ndimu (I-ZI) |
|---|---|---|---|
| -changa | changa | machanga | changa |
| -pevu | pevu | mapevu | pevu |
| -bichi | bichi | mabichi | mbichi |
| -bivu | bivu | mabivu | mbivu |
| -bovu | bovu | mabovu | mbovu |

Wahariri wanapaswa kuangalia kwa makini safu mbili za mwisho. Kati ya *bivu* na *bovu* kuna tofauti ya irabu moja tu, na kosa la uchapaji katika orodha ya mahitaji humwambia mpishi atumie maembe mabovu. Programu ya kusahihisha tahajia haitalikamata kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi.

Uzito wa tofauti hizi katika lugha unaonekana pia nje ya jikoni. Magazeti huandika kwamba "mbivu na mbichi zitajulikana leo" siku ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi au ya mechi. Msemo huo huchukulia kwamba kila msomaji anajua hasara ya kuchanganya hali hizo mbili.

Basi *fresh* itafsiriweje? Katika kichwa cha mapishi haya, neno hilo mara nyingi linaweza kuachwa kabisa, kwa sababu saladi ya matunda haitarajiwi kupikwa. Pale linapobeba taarifa, taarifa hiyo isemwe waziwazi: "matunda yaliyochumwa karibuni", "matunda yasiyosindikwa", au "saladi inayotengenezwa na kuliwa papo hapo". Neno *freshi* husikika katika mazungumzo, hasa kwa juisi, lakini halifai katika matini rasmi.

2. Kukomaa na kuiva: kwa nini parachichi lina sarufi yake

Vitenzi *komaa* na *pevuka* hutofautiana na *iva*, na kwa parachichi tofauti hiyo ni ya kibiolojia. Parachichi hukomaa likiwa mtini, lakini haliivi likiwa mtini. Linaweza kuning'inia kwa wiki nyingi baada ya kukomaa, likabaki gumu. Kulainika huanza baada ya kuchumwa. Kwa hiyo sentensi "Chuma maparachichi yaliyoiva" haitekelezeki. Sentensi sahihi ni: "Chuma maparachichi yaliyokomaa, uyaache yaive."

Kosa hili lina gharama kubwa zaidi katika biashara kuliko jikoni. Parachichi lililochumwa likiwa changa haliivi vizuri hata likisubiriwa. Ganda hunywea, nyama huwa kama mpira, na ladha haikamiliki. Kwa upande mwingine, maparachichi yaliyokwisha kuiva hayawezi kuvumilia safari ndefu ya lori. Tunduma ni kituo cha magari ya mizigo yanayoelekea Zambia na kwingineko, na hata baada ya Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, mzigo wa matunda bado unahesabiwa kwa siku. Agizo linalosema "maparachichi mabivu" na agizo linalosema "maparachichi yaliyokomaa" ni maagizo mawili tofauti. La kwanza linamfaa mwenye mgahawa anayetaka kuandaa saladi jioni hiyohiyo. La pili linamfaa mfanyabiashara atakayefungua masanduku baada ya siku kadhaa. Mfasiri wa mkataba au wa maelekezo ya kilimo anayeyachukulia maneno haya kuwa visawe humwachia mkulima hasara ambayo si yake.

Embe nalo huvunwa likiwa limekomaa na likaiva baadaye, ingawa, tofauti na parachichi, linaweza pia kuivia mtini. Dalili moja ya kukomaa kwake ni kujaa kwa tunda upande wa kikonyo.

Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa kazi ya kuliivisha tunda lililokwisha kuchumwa: *vundika*, ambacho pia husemwa *vumbika*. Kuvundika ni kuyafunika au kuyafungia matunda mahali penye joto ili yaive. Mfano: "Vundika maparachichi kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, yataiva mapema." Ndizi mbivu husaidia kwa sababu hutoa gesi ya ethilini, ambayo huchochea kuiva. Wafasiri wengi hulizunguka wazo hili kwa maneno mengi, kama vile "weka matunda katika hali ya kuyawezesha kuiva", ilhali neno moja linatosha.

Ili kujua kama parachichi limeiva, vitenzi vinavyofaa ni *bonyeza* na *binya*. Maelekezo yaseme: "Libonyeze taratibu karibu na kikonyo, likibonyea kidogo, limeiva." Rangi ya ganda si kipimo cha aina zote. Aina ya Hass hugeuka kutoka kijani kuwa nyeusi au zambarau iliyokolea inapoiva, lakini Fuerte hubaki na rangi ya kijani. Sentensi "Chagua maparachichi meusi" humfaa msomaji mwenye Hass na humchanganya mwenye aina nyingine.

3. Parachichi na majina yake

*Parachichi* (wingi *maparachichi*, ngeli ya LI-YA) ndilo jina sanifu, na mti wake ni *mparachichi*. Majina mengine yanayopaswa kujulikana na mfasiri ni haya:

*Embe mafuta* hutumika Zanzibar. Jina hili limejengwa kwa kulifananisha tunda geni na tunda lililozoeleka, kisha kuongeza sifa inayolitofautisha, yaani mafuta. Kwa msomaji wa Unguja, mapishi ya "embe na embe mafuta" yanaeleweka bila tabu. Kwa msomaji wa bara, yanaweza kudhaniwa kuwa yanahusu aina mbili za embe.

*Avokado* husikika sana Kenya. Limetoka katika Kiingereza, ambacho nacho kililipata kupitia Kihispania kutoka Kinahuatl, lugha ya Meksiko, ambako tunda liliitwa *ahuacatl*.

*Avoka* husikika mashariki ya Kongo, na asili yake ni Kifaransa.

*Katapela* (wingi *makatapela*) husikika Mbeya, Rungwe na maeneo jirani, na kwa upande wa Zambia jina linalolingana nalo ni *kotapela*. Inaelekea majina haya yametokana na jina refu la Kiingereza, *avocado pear*, lililopoteza silabi zake za mwanzo na kuvikwa sauti za lugha za eneo hilo. Katika Kichewa cha Malawi tunda hilohilo huitwa *peyala*, na hapo kilichobaki ni sehemu ya pili tu ya jina lilelile.

Kwa hiyo mtu anayenunua matunda Tunduma anaweza kusikia *parachichi*, *katapela* na *kotapela* katika safu moja ya wauzaji. Katika matini iliyoandikwa, *parachichi* litumike kote. *Katapela* lina nafasi yake katika mazungumzo ya wahusika wa hadithi, katika utafiti wa lahaja, na katika maelezo yanayolenga wakulima wa eneo husika, ambako linaweza kutajwa mara moja mwanzoni ili kila msomaji ajue kinachozungumzwa. Mwalimu hapaswi kumkosoa mwanafunzi anayelitumia nyumbani. Amfundishe tu mahali pa kila jina.

4. Embe: ngeli na aina

Nomino *embe* hutumika katika ngeli mbili. Katika matumizi mengi ya bara ni LI-YA: "embe hili limeiva", "maembe haya yameiva". Katika matumizi ya pwani na visiwani husikika pia katika I-ZI: "embe hii imeiva", "embe hizi zimeiva". Matumizi yote mawili yanakubalika. Kisichokubalika ni kuyachanganya katika matini moja, kama vile "maembe mawili zilizoiva". Mwandishi achague ngeli moja katika orodha ya mahitaji na aifuate hadi hatua ya mwisho. Makala hii inafuata LI-YA.

Miongoni mwa aina zenye majina ya Kiswahili, *dodo* na *boribo* (au *bolibo*) hufahamika zaidi, na yote mawili ni maembe makubwa. Dodo limeingia hata katika nahau: mtu aliyepata bahati asiyoitarajia huambiwa "ameokota dodo chini ya mwarobaini". Kwa saladi, aina si muhimu kama wingi wa nyuzi. Neno *nyuzi* ndilo linalotumika kwa nyama ya embe inayonasa katikati ya meno: "Chagua maembe yasiyo na nyuzi nyingi, ili vipande visichanike wakati wa kukata."

5. Ndimu, limau, chungwa na ndugu zake

Katika Kiswahili sanifu *ndimu* ni tunda dogo la mviringo, lenye ganda jembamba, ambalo huuzwa likiwa la kijani. *Limau* (au *limao*, umbo linalosikika sana Tanzania bara) ni kubwa zaidi, lenye ganda nene na rangi ya manjano. Katika mazungumzo, hata hivyo, mipaka hiyo hulegea: wapo wanaoyaita yote mawili ndimu, na wapo wanaoyaita yote mawili malimao. Mfasiri anayetaka uhakika aongeze sifa moja mara ya kwanza anapolitaja tunda: "ndimu mbili ndogo za kijani" au "limau moja la manjano". Baada ya hapo jina pekee linatosha.

Kwa kundi zima la matunda haya, maandishi ya kilimo hutumia *matunda jamii ya machungwa*. Humo mna pia *chenza*, ambalo humenywa kwa urahisi; *danzi*, chungwa chachu; na *balungi*, tunda kubwa lenye uchungu kidogo. Danzi linaweza kuchukua nafasi ya ndimu katika saladi hii. Chenza haliwezi, kwa kuwa uchachu wake hautoshi.

Kinachotoka katika ndimu iliyokamuliwa ni *maji ya ndimu*. Neno *juisi* kwa wasomaji wengi humaanisha kinywaji kilichokwisha kutiwa maji na sukari. Ukiandika "vijiko viwili vya juisi ya ndimu", mpishi anaweza kuchota kutoka kwenye jagi. Ukiandika "maji ya ndimu", atachukua ndimu na kuikamua.

6. Saladi, kachumbari, na kitenzi kuunga

*Saladi* (ngeli ya I-ZI) ina maana mbili Tanzania. Ni mchanganyiko wa mboga au matunda yasiyopikwa, na pia ni jina la mboga ya majani laini iliwayo bila kupikwa. Sentensi "Tandaza saladi kwenye sahani, kisha weka saladi juu yake" si mzaha. Hupatikana katika tafsiri zisizohaririwa. Katika muktadha huo iandikwe "majani ya saladi".

*Kachumbari*, neno lililofika kutoka India, ni mchanganyiko wa nyanya, vitunguu na pilipili unaotiwa chumvi na ndimu, na huliwa pamoja na pilau, nyama au wali. Parachichi huongezwa humo mara nyingi. Saladi inayoelezwa hapa iko katikati: ina embe tamu kama saladi ya matunda, na ina kitunguu na ndimu kama kachumbari. Jina *saladi* linaifaa kwa sababu tunda ndilo linalotawala. Tunda likipungua na nyanya zikiongezeka, *kachumbari ya embe na parachichi* litakuwa jina la haki.

Kimiminiko kinachomwagwa juu ya saladi kimewasumbua wafasiri. *Mchuzi wa saladi* huleta picha ya kitu kilichopikwa. *Sosi* inaeleweka, ingawa wengi huihusisha na chupa ya dukani. Njia iliyo karibu zaidi na Kiswahili cha jikoni ni kutumia kitenzi *unga*. Mboga huungwa kwa karanga au kwa nazi. Vivyo hivyo saladi huungwa kwa maji ya ndimu na mafuta. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana *kiungo*, na kirai *kiungo cha ndimu* hueleweka mara moja kikitanguliwa na maelezo ya jinsi kinavyotengenezwa.

Viambato viwili vinahitaji tahadhari. *Giligilani* ni jina linalofaa Tanzania kwa majani yanayoitwa *dania* Kenya na *kotmiri* na baadhi ya watu wa pwani. *Pilipili hoho* ni mtego mkubwa zaidi: Tanzania bara, hoho ni pilipili kubwa isiyowasha, lakini katika kamusi za zamani na katika baadhi ya maeneo ya pwani jina hilohilo humaanisha pilipili inayowasha. Andika "pilipili kali" au "pilipili isiyowasha", na hakuna ulimi utakaoungua kwa sababu ya tafsiri.

7. Matini ya mfano

Matini ifuatayo inaweza kutumika darasani au kama kielelezo cha mtindo.

*Saladi ya parachichi na embe kwa kiungo cha ndimu (watu wanne)*

Mahitaji: maembe 2 makubwa yaliyoiva lakini yasiyolegea, maparachichi 2 yaliyoiva, kitunguu maji 1 kidogo, pilipili kali 1, ukipenda, majani ya giligilani kiasi cha kujaza kiganja, ndimu 2 ndogo za kijani, chungwa 1, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai.

Namna ya kutengeneza:

Osha matunda yote, pamoja na yale yatakayomenywa. Kamua ndimu upate vijiko viwili vya chakula vya maji yake, kisha ukamue chungwa upate kiasi hichohicho. Ondoa mbegu. Tia chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke, kisha mimina mafuta kidogokidogo huku ukipigapiga kwa uma mpaka kiungo kiwe kizito kidogo.

Menya kitunguu, ukikate vipande vyembamba, uvitie ndani ya kiungo pamoja na pilipili iliyokatwakatwa. Viache kwa dakika kumi ili ukali wa kitunguu upungue.

Menya maembe. Kata nyama pande zote mbili za kokwa, kisha uikate vipande vidogo vinavyolingana. Viweke kwenye bakuli pana.

Kata parachichi kwa urefu kuizunguka kokwa, zungusha nusu mbili kinyume zitengane, toa kokwa, kisha uchote nyama kwa kijiko. Ikate vipande vya ukubwa wa vile vya embe. Vitie kwenye bakuli na uvimiminie kiungo papo hapo, ili visigeuke rangi.

Geuzageuza taratibu kwa kijiko kikubwa. Nyunyiza giligilani juu, onja, ongeza chumvi au ndimu ikihitajika, kisha pakua.

8. Maelezo kuhusu matini

*Hali ya kitenzi.* Mapishi ya Kiswahili huanza sentensi kwa hali ya kuamuru, "Menya", na huendeleza kwa hali tegemezi, "uyakate". Msururu wa amri tupu, "Menya. Kata. Weka.", husomeka kama tafsiri. Kitenzi cha kuamuru kikibeba kiambishi cha mtendwa, irabu ya mwisho hugeuka kuwa *e*: "Menya maembe", lakini "Yamenye".

*Koroga, changanya, geuza.* Kukoroga ni kuzungusha kijiko ndani ya kitu cha majimaji, kama uji au chai. Saladi yenye parachichi ikikorogwa hugeuka rojo. *Geuzageuza* kwa kuurudia mzizi huonyesha kitendo chepesi kinachofanywa mara kadhaa. Vivyo hivyo *katakata* hutofautiana na *kata*: cha kwanza hutoa vipande vingi visivyolazimika kulingana, na ndiyo maana kinatumika kwa pilipili, hakitumiki kwa embe.

*Menya, ambua, chambua.* Embe na kitunguu humenywa. *Ambua* ni kubandua kitu kilichoshikamana, kama gome la mti. *Chambua* ni kutenganisha kizuri na kisichofaa, kama majani ya mboga na vikonyo vyake.

*Kokwa na mbegu.* Embe na parachichi vina kokwa. Ndimu na chungwa vina mbegu. "Ondoa mbegu ya embe" inaeleweka, lakini "kokwa" ndilo neno la mahali pake.

*Sababu ya mfuatano.* Neno "papo hapo" katika hatua ya parachichi si pambo. Nyama ya parachichi ikikutana na hewa hugeuka kahawia kwa kazi ya vimeng'enya vilivyomo ndani yake, na tindikali ya ndimu hupunguza kasi ya kazi hiyo. Mfasiri anayeliacha neno hilo kwa kudhani ni la ziada ameondoa taarifa ya kisayansi, na saladi itafika mezani ikiwa na rangi ya udongo.

9. Zoezi kwa walimu

Wanafunzi wasahihishe sentensi hizi na waeleze sababu.

(a) *Subiri parachichi liive mtini, kisha ulichume.* Sahihi: "Subiri parachichi likomae mtini, ulichume, kisha uliache liive."

(b) *Nunua maembe mabichi matatu kwa ajili ya saladi tamu.* Sahihi: "Nunua maembe mabivu matatu", au "maembe matatu yaliyoiva".

(c) *Tia juisi ya ndimu, kisha koroga maparachichi.* Sahihi: "Tia maji ya ndimu, kisha geuzageuza maparachichi taratibu."

(d) *Maembe zikiiva, zimenye.* Sahihi: "Maembe yakiiva, yamenye", au kwa anayefuata I-ZI, "Embe zikiiva, zimenye."

Baada ya zoezi, mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi sokoni wakasikilize wauzaji wanavyolitaja kila tunda na kila hatua yake, kisha waandike orodha ya majina waliyoyasikia pamoja na jina sanifu mbele ya kila moja. Katika mji kama Tunduma, orodha hiyo haitakuwa fupi.